Simu za Kabatini

Mwalimu Ilunga aliletwa Butembo na serikali, kutoka kwao Likasi. Mke wake Victorine alibaki kule na Josée, mtoto wao mmoja tu. Barabara ni za vita, na ndege si ya mshahara wa mwalimu. Basi akapanga chumba mtaani Kimemi, akajipikia mwenyewe, Kinande, lugha ya majirani, kikimpita masikioni.

Kilichomshikilia ni simu. Kila jioni Josée alimtumia sauti yake kwa WhatsApp: mama amepika nini, nani amefukuzwa masomoni, Papa umekula? Ilunga alizirudia sauti hizo, akicheka peke yake na sahani yake ya bukari, ugali wa kwao.

Halafu siku moja akakuta video ya Josée kwenye Facebook. Mtoto wa miaka kumi na nne anacheza, na wanaume wazima, wenye ndevu zao, wanamuomba namba! Ilunga alikasirika. Akapiga Likasi saa ile ile.

"Mama Josée, nyanganya ule mutoto telefone! Mpaka afikishe miaka kumi na nane. Nimesema!"

Nani atasema alikosea? Mimi, hapana. Hata masomoni alikaza sheria: mwanafunzi akikutwa na simu, inafungiwa kabatini, ofisini mwake, mpaka mwisho wa trimestre ya masomo. Ila jioni chumba chake kilinyamaza. Victorine ni mtu wa soko, anasema maneno mawili na kukata. Miezi ikaenda hivyo, na tuseme ukweli, upweke ulimla Ilunga vibaya.

Mchana mmoja, simu ikalia kabatini. Ilikuwa ya Kyakimwa, msichana aliyenyang'anywa asubuhi ile. Ilunga akaitoa aizime, akaona jina "Papa", na kidole chake kikapokea.

"Kyakimwa, mutoto yangu!" Malori ya mji wa Kirumba yalinguruma nyuma ya sauti ile. "Umekula? Mbona unanyamaza? Sema hata neno moja, nikusikie."

Ilunga akakata. Mzee akapiga tena, akapiga tena, mpaka Ilunga akamwita msichana ofisini.

"Ongea na papa yako. Hapa hapa. Halafu unirudishie."

Kyakimwa akaongea Kinande, akacheka. Ilunga akageukia dirisha. Alipobaki peke yake, akapiga Likasi.

"Mama Josée, mupatie mutoto telefone yako. Ninataka kumusikia."

"Ngoja."

Akangoja. Victorine akarudi.

"Papa Josée, amekatala. Anasema yeye anafuata sheria yako. Atakuongelesha akifikisha kumi na nane."

"Mwambie ni mimi ndiye ninaomba."

"Nimemwambia." Victorine akaguna. "Kuna mteja hapa mlangoni, ngoja kidogo."

Akaiweka simu mezani bila kukata. Kwa mbali Ilunga akasikia Josée anaimba, anapanga sahani, anamtania jirani. Hakumwita. Aliibana simu sikioni, akasikiliza mpaka unité za simu zikaisha.