Taa Mdomoni kwa Mama Mkwe

Mama Uzi hakupewa jina hilo bure. Ukimkuta sokoni ana uzi mwekundu begani, ukimkuta arusini ana wa buluu kichwani, na mumewe, mpaka rangi wa nyumba, huapa kwamba siku moja alivuta wa kijani kutoka kwenye mchuzi. Kazi yake ni kudarizi: nembo za shule, majina ya timu, maua ya mapazia. Chumba chao cha mbele kimekaliwa na cherehani ya kudarizi, na kando yake, juu ya meza yenye mguu uliofungwa kamba, imewekwa laptopu inayoiambia cherehani la kufanya kwa njia ya waya.

Laptopu yenyewe ilikuwa imekula chumvi. Ukiiwasha asubuhi uliweza kufagia chumba, kuchemsha chai na kuimaliza, nayo bado inajifikiria. Skrini ikishafunguka ilitokea picha ya familia, iliyopigwa siku mama mkwe alipohamia kwao: mume kushoto na kofia yake yenye madoa ya rangi, mdogo wake Mama Uzi, kitinda mimba, amechuchumaa mbele, na katikati, kitini, mama mkwe mwenyewe, ameketi kama hakimu.

Juu ya picha hiyo Mama Uzi alikuwa amepanga nakshi zake zote, yaani mafaili ya kudarizia. Za arusi zilikaa kwenye kofia ya mumewe. Za watoto wachanga zilikuwa magotini kwa mdogo wake. Programu ilikuwa inaipa kila nakshi jina "mpya" na namba yake, naye hakuwahi kujisumbua kubadilisha hata moja. "Mtoto humwita kwa jina," alisema, "lakini kumtafuta utamtafuta chumbani kwake."

Nembo ya chuo cha wauguzi, taa iliyokingwa kwa mikono miwili, ndiyo iliyomtoa jasho kuliko zote. Kwenye skrini ilipendeza tangu siku ya kwanza, lakini ikipita kwenye kitambaa kilikunjamana kama kimetafunwa na mbuzi. Akailegeza, akaikaza, akaanza upya, na majaribio yakajaa ukutani nyuma ya watu wa picha. Ile moja iliyokubali aliiweka peke yake, mdomoni kwa mama mkwe. Kwa nini mdomoni? Alisema ni mahali rahisi pa kukumbuka. Sababu nyingine, kama ilikuwapo, walibaki nayo yeye na mumewe.

Mama mkwe alipoiona alishika kiuno. "Yaani nimezibwa mdomo mchana kweupe, ndani ya nyumba ya mwanangu?" Akatoa simu, akaipiga skrini picha, akaituma kwenye kundi la familia pamoja na sauti ya malalamiko iliyokuwa ndefu kama hotuba. Mashangazi walicheka hadi machozi. Shemeji mmoja akaandika kwamba dawa hiyo imechelewa. Kesi ikafia hapo, ila mlalamikaji hakuifuta.

Basi mwaka huu chuo kikaamua kupokea oda kwa tovuti tu, na laptopu ikakataa katakata kuifungua tovuti hiyo. Mfumo wake ulikuwa wa zamani mno, na kila asubuhi uliandika onyo kwamba hauhudumiwi tena. Mama Uzi alijitetea: usiache mbachao kwa msala upitao.

"Mbachao wenyewe umebaki matundu," mumewe akamjibu.

Na oda hii hakuwa tayari kuikosa. Miongoni mwa wahitimu alikuwamo mdogo wake, yule wa kuchuchumaa. Alikuwa ameshamwambia, "Dada, wote watavaa kazi yako, lakini mimi nitaivaa kwa maringo." Makoti meupe yalitakiwa Ijumaa yakiwa na nembo mifukoni. Yakichelewa, chuo kingebandika nembo za kuchapwa na kuendelea na sherehe yake.

Akaibeba laptopu hadi kwa fundi wa kompyuta, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari kwa sababu huanza kwa kukuuliza unaumwa wapi. Daktari aliifungua akatoa vumbi na nyuzi za kila rangi.

"Mama, hii ulikuwa unaitumia au unaishonea?"

"Tibu mgonjwa, acha maneno. Na kazi zangu?"

"Zitakuwapo zote. Nitazinakili kwanza, nikuwekee diski ya kasi na mfumo mpya. Haitapotea hata moja."

Diski ya zamani alimwachia, kwani ingemfaa nini? Na Daktari ni mkweli. Haikupotea hata moja.

Nyumbani laptopu iliwaka kabla hajavuta kiti. Tovuti ya chuo ikafunguka, oda ikaingia, na Mama Uzi akacheza peke yake kuizunguka cherehani. Kisha akageuka kuitazama picha ya familia. Ilikuwapo, safi, na kila mtu ana uso wake. Nakshi zote zilikuwa zimejipanga upande wa kushoto, safu kwa safu, kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mpya, mpya, mpya, mpaka chini.

Akafungua ya kwanza kwenye safu ya kati: taa. Ya pili: taa. Zote zilikuwa taa, zote nzuri, zote zimefanana kama mapacha, na ni kitambaa tu kingesema ipi ni ipi. Akajaribu moja kwenye kipande cha shuka. Kikakunjamana. Akajaribu nyingine, ikatoboa. Kila jaribio lilikula muda, na makoti yalikuwa yamerundikana kwenye kochi yakimwangalia. Akampigia Daktari simu.

"Angalia tarehe, mama."

"Tarehe zote ni za jana!"

"Ah. Ni kwa sababu nilizinakili jana. Lakini si zipo zote?"

"Zipo, lakini hazipo mahali pake! Nirudishie diski yangu ya zamani."

"Ile nimeshaifuta, mama, nimemfungia mteja mwingine. Samahani sana."

Mama Uzi akaweka simu chini, akajifunika uso kwa koti la muuguzi na kulia. Aliyemliza si chuo. Aliyemliza ni mdogo wake, atakayesimama mbele ya watu na kibandiko mfukoni, halafu aseme haidhuru.

Mama mkwe akaingia na kikombe cha chai mkononi. "Nani amekufa?"

"Taa, mama. Ile nembo. Imechanganyika na wenzake na siijui tena."

"Ile ya mdomoni kwangu?"

"Hiyohiyo, mama." Akatamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe aliweka chai mezani, akaketi juu ya makoti, akavaa miwani na kutoa simu. Akaanza kupandisha kundi la familia kwa kidole kimoja, polepole, akipita salamu, picha za watoto, matangazo ya misiba na vichekesho ambavyo hakuvielewa hata vilipokuwa vipya. Mama Uzi hakuthubutu hata kupenga kamasi.

"Nilijua ipo siku mtanihitaji," akasema mama mkwe. "Soma. Mimi macho yangu hayaoni vidudu hivyo."

Ilikuwa ni ile picha ya malalamiko. Skrini nzima ilionekana, kila nakshi chumbani kwake, na mdomoni kwa mama mkwe, kwa herufi ndogo lakini safi: mpya 27.

Cherehani ilinguruma. Waliinama wote wawili, vichwa vyao karibu kugongana. Taa ikajitokeza, mkono mmoja, mkono wa pili, na kitambaa kikabaki kimetulia tuli. Mama Uzi akamkumbatia mama mkwe mpaka miwani ikaenda upande, na siku ile alimpenda kuliko siku zote walizoishi pamoja.

Makoti yalifika Ijumaa. Siku ya mahafali mdogo wake alipita mbele ya watu akiwa ametanguliza mfuko wa koti, na wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa mama mkwe.

Waliporudi, Mama Uzi alikaa kwenye laptopu kuzirudisha nakshi nyumbani kwao, akifuata picha ya kwenye simu. Za arusi kofiani, za wachanga magotini. Uso wa mama mkwe akauacha wazi kabisa, kwa heshima na shukrani.

Mama mkwe akaja kukagua. "Na taa yangu iko wapi?"

"Nimekuondolea, mama. Nilikukosea adabu."

"Nani amekutuma? Irudishe pale pale."

Akairudisha. Mama mkwe akasogea, akainua simu, akaipiga skrini picha na kuituma kwenye kundi la familia.

"Unawaambia nini tena, mama?"

"Siwaambii kitu," akasema mama mkwe. "Nakutunzia kazi yako."