Jina la Baba Mkwe

Babu yangu alikwenda vita vya Burma, hakurudi. Nyanya alitaka kujua alikozikwa, aletewe hata udongo, kabla yeye mwenyewe hajafa. Tukaenda Busia kwa karani wa mafaili ya askari wa zamani.

"Wa jina hili ni wengi, mama. Baba yake aliitwa nani?"

Nyanya akatikisa kichwa. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe, na wengine waliolijua wote wameshakufa.

"Nyanya, sema tu! Mzee amekufa, atakuchapa na nini?"

Karani akacheka. Nikamsihi tena nyanya, mzaha umeniisha. Alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamshuka.

"Mwite anayefuata," nyanya akamwambia karani.