Mapigo Matatu ya Mama Adolphine

Clarisse wa mji wa Baraka ana sikio la muziki, hilo hata wasiompenda wanakubali. Kazi yake ni kuwatengenezea marapa biti, katika chumba kidogo nyuma ya bureau ya fotokopi. Kit za ngoma, yaani mafungu ya milio ya kutengenezea biti, zimejaa mtandaoni; alizishusha nyingi, akazifuta nyingi. Kila mlio aliujaribu kwanza kwenye simu ndogo, maana huko ndiko watu wa kwao wanasikilizia muziki, na zile besi nzito za Amerika kwenye simu hiyo hazisikiki kabisa. "Hii iko boksi tupu," alikuwa anasema, na kufuta.

Basi akaamua kutengeneza kit yake mwenyewe. Akarekodi nguo zikipigwa juu ya jiwe mtoni, ndagala, wale dagaa wakavu, wakitikiswa kwenye beseni, mlango wa bati ukifungwa. Kilichokosekana ni pigo zito la chini, na alijua liko wapi. Shangazi yake, Mama Adolphine, anatunza ngoma ya kanisa dogo la kijiji chao, kwenye barabara ya kupanda Fizi. Ngoma ile haipigwi ila mtu akifa: mapigo matatu, kimya, matatu tena. Ngozi yake ina kiraka, kwa hiyo kila pigo linaishia na mkoromo. Ukisikika mkoromo ule, walio mashambani wanatupa jembe na kwenda msibani.

Mama Adolphine alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Sawa, mutoto yangu. Lakini ni ya wimbo wa kulilia wafu tu. Uniapie."

Clarisse akaapa. Walitangaza kwanza ili watu wasishtuke, ndipo akarekodi.

Kosa lake lilikuwa Willy. Willy ni rapa, wamekula sahani moja tangu darasa la kwanza, anamwita dada. Aliomba kit ile aisikilize tu. Clarisse akampa kwenye flash, akamwonya kuhusu yale mapigo matatu.

"Dada, unaniogopa miye? Mama Adolphine si ni mama yangu pia?" Willy akasema. Maneno matamu, jamani!

Hata mwezi haukuisha. Willy akatoa wimbo wa kukata kiuno, ukavuma baa zote za Baraka, na unaanza hivi: mapigo matatu, kimya, matatu, na mkoromo wake wote! Siku ulipopita kijijini kwenye spika ya pikipiki, bamama waliacha mihogo wakakimbia kuuliza nani amekufa. Siku ya pili walikimbia tena. Siku ya tatu walicheka, na baada ya hapo hawakuinua hata kichwa.

Clarisse alimfuata Willy kwa hasira. "Dada, ni mulio tu," Willy akamjibu, hata muziki hakuzima. "Mulio haina mwenyewe." Clarisse alitaka kumzaba kofi. Akalia badala yake, na kulia mbele ya mtu yule kulimuuma kuliko wimbo wenyewe.

Kisha Papa Raphaël, mume wa Mama Adolphine, akafariki. Clarisse alipofika alikuta uani majirani watatu na viti vitupu vya kanisa. Watu wote walikuwa mashambani, na Mama Adolphine alikuwa amepiga ngoma tangu asubuhi. Hakumgombeza, hakumlaani. Alimpa fimbo.

"Piga we. Nione kama batakuya."

Clarisse akapiga. Matatu, kimya, matatu. Alimchukia Willy kwa moyo wote, lakini flash ile aliitoa kwa mkono huu huu ulioshika fimbo. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Chini barabarani, wanawake wawili waliotoka sokoni walisimama. Wakatua beseni zao, wakaanza kutikisa mabega.

"Ongeza sauti!" mmoja akapaza.