Update iliyomnyamazisha Baba wiki ya ntheo ya Mwende

Wakuu, natumai mko salama huko mliko. Leo nina stori ya nyumbani, na yote yalitokea nyumbani kwetu Mwala nikiwepo mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi Baba atanirekebisha, maana siku hizi anasoma hili jukwaa kuliko mimi.

Shikeni chai, ni ndefu kidogo.

Kwanza niwajulishe Baba. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji kule Athi River mpaka akastaafu, akarudi Mwala kwa mbuzi zake. Baadaye akapata ugonjwa wa koo. Madaktari walimwokoa, Mungu ashukuriwe, lakini ilibidi waondoe ile sehemu inayotoa sauti.

Tangu hapo Baba haongei. Hata kunong'ona hawezi.

Huyu ni mtu ambaye alikuwa akiita mbuzi wakamsikia ng'ambo ya mto. Nyumba ilikuwa kimya mpaka unasikia kuku wakitembea.

Mimi nilikuwa na laptop nzee kwa stoo. Nzito, processor ya zamani ya 32-bit, zile zenye vitufe vipana ambazo leo watu wanaweka mlango usifunge. Mfumo iliyokuja nao ulikuwa unachukua muda wa kusonga ugali kabla ya kuwaka. Nikaufuta, nikaweka Linux, distro (yaani toleo) moja nyepesi inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Juu yake nikaweka program ndogo ya kusoma maandishi kwa sauti. Kiswahili iko nayo, na haihitaji internet. Baba anaandika, anabonyeza Enter, mashine inasema.

Sauti yenyewe ni kama ya mtu mwenye mafua anayesoma taarifa ya habari. Mwanzoni Mama alikuwa anatoka nje akiisikia.

Lakini Baba ni fundi. Akaingia kwa settings, akaishusha, akaipunguza kasi, akajaribu tena na tena. Asubuhi moja Mama akiwa anachagua maharagwe akainua kichwa akasema, "Hapo sasa imekaribia." Baba hakugusa tena hizo settings. Hiyo ndiyo ikawa sauti yake.

(Najua kuna mtu anaandika "si angetumia simu". Tulijaribu. Vidole vya fundi wa saruji na kioo cha simu havipatani, na network kwetu inapatikana ukisimama karibu na tangi la maji. Tuendelee.)

Sasa kuna Baba Mdogo Kimeu, ndugu yake Baba. Mtu mzuri sana, ila mdomo wake hauna breki. Baba aliponyamaza, yeye akajipa kazi ya kumsemea. Kanisani anasema kwa niaba ya Baba. Kwa kikundi cha kujenga bwawa la mchanga la kuhifadhi maji mtoni anasema kwa niaba ya Baba. Kuna siku alikubali kwa niaba ya Baba kwamba punda wetu watabeba mawe ya kikundi msimu mzima. Baba alikuwa ameketi kando yake na hakuulizwa.

Laptop ilimwondolea huo utumwa. Punda hawakurudi, lakini angalau akaanza kujisemea.

Halafu dada yangu Mwende akapata mchumba. Jamaa anaitwa Musyoki, watu wa Kithyoko, kijana mpole. Familia zikapanga ntheo, na kwa wasio Wakamba, hizo ni zile mbuzi za kwanza zinazofanya ndoa itambulike. Bila ntheo, hata mkikaa pamoja miaka mingi wazee watasema hamjaoana.

Siku hiyo kuna wazee wa kuongea pande zote mbili, na wanaongea kweli. Lakini kwetu kuna swali moja ambalo ni la baba. Anamwuliza msichana mbele ya watu wote kama hizo mbuzi zipokelewe. Msichana akinyamaza, wageni wanarudi na mbuzi zao.

Baba Mdogo Kimeu alishaanza kulifanyia mazoezi.

Baba akaandika, mashine ikasema mbele yetu sote: "Kwa Mwende sitasemewa."

Mwende alienda jikoni na hakurudi haraka.

Basi, wiki ya ntheo nikaomba likizo kazini, nikaja nyumbani mapema kusaidia kupanga viti na mahema. Nikakuta laptop iko mezani, screen nyeusi, mstari mmoja wa herufi nyeupe kona ya juu. Baba ameketi mbele yake, mikono kwa magoti.

Alichofanya ni hiki. Kule kiwandani walikuwa na sheria moja: mashine ikifikisha service unaipa service, huulizi maswali, maana ile uliyoiahirisha ndiyo itakayomkata mtu mkono. Kwa hiyo kila mara kidirisha kwenye screen kikimwambia kuna updates, Baba alikuwa anakubali. Kila asubuhi, na chai. Na akimaliza anasafisha vya zamani vyote, kwa sababu kiwandani spea iliyochoka haiachwi kwa stoo mtu akaifunga tena kwa makosa.

Asubuhi hiyo alikubali kama kawaida, akarestart, na mashine haikurudi. Na kernel ya zamani, yaani kiini cha mfumo kilichotangulia, ambayo ingeweza kutuokoa pale kwa menu ya kuwasha, alikuwa ameisafisha.

Nikasimama karibu na tangi la maji nikaingia kwenye website ya ile distro. Tangazo lilikuwepo, la miezi mingi. Walikuwa wameamua kuacha processor za zamani. Sababu waliieleza vizuri tu: wanaojitolea ni wachache, kujenga package zote za programu mara mbili kunawamaliza, na hakuna anayejaribu kwenye mashine za 32-bit kabla toleo halijatoka. Wenye mashine hizo waliombwa wahamie tawi la muda mrefu, lile lisilobadilika badilika, ambalo bado lingepata viraka vya usalama.

Wakuu, nilikasirika. Kidirisha hakikusema lolote kuhusu kuhama. Kilisema tu kuna updates, na mzee akafanya alivyofundishwa maisha yake yote.

Nikaandika kwenye forum yao kwa hasira, Kiingereza changu chote kikatoka. Nikaeleza kwamba hii si laptop ya kuchezea, ni koo la mtu, na Jumamosi anaozesha binti.

Akanijibu jamaa mmoja wa huko, mmoja wa wanaojenga hilo tawi la muda mrefu. Sijui nchi yake hadi leo. Sikupata matusi wala "soma documentation". Aliomba msamaha kwanza. Halafu akasema ukweli: image yao ya mwisho ya 32-bit, lile faili la kuweka mfumo, imeripotiwa kukwama kwenye baadhi ya mashine, anashuku tatizo ni graphics, lakini hana mashine kama hiyo na hajui mtu aliye nayo. Akauliza kama tungekubali kumjaribia.

Nikamsomea Baba. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kadi ya mwaliko: "Mwambie tuko."

Mtauliza laptop yangu iko wapi. Yangu ni ya ofisi. Hata picha ya nyuma siwezi kubadilisha bila ruhusa ya watu wa IT. Nilimpigia msimamizi wao nikamweleza kila kitu, akasema ananionea huruma na ombi langu litaangaliwa Jumatatu.

Kwa hiyo nikawa mtu wa boda. Naenda Machakos mjini, cyber, nadownload image, naandika kwa flash, narudi Mwala. Ya kwanza ikakwama pale pale jamaa aliposema itakwama. Nilitaka kuipiga teke. Baba akanishika mkono, akaniashiria nipige picha ya screen, tena akaiinamisha laptop kidogo ili mwanga wa dirisha usiharibu maandishi. Nikatuma ile picha kutoka kwa tangi la maji.

Mama alipitia na beseni la nguo, akasimama, akauliza, "Huyo mtu wa mbali ako na watoto?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mungu amuweke," akaenda zake.

Jamaa akajenga image nyingine, ya mashine moja tu duniani, ya Baba. Ijumaa nikaenda mjini tena.

Nikachomeka flash. Maandishi yakapita, yakapita, yakasimama. Nikajua tumekwisha. Halafu yakaendelea, na desktop ikatokea.

Nikaweka mfumo bila kufuta mafaili yake, na yote yalikuwepo, hata zile settings za sauti. Nikarudisha program, nikampisha kiti.

Baba akaandika, na mashine ikaita kuelekea jikoni kwa ile sauti ya mafua: "Mama Mwende, chai iko wapi."

Tukasikia sufuria ikiwekwa chini. Mama akaja mpaka mlangoni na mwiko mkononi, akamwangalia mzee wake. "Iko kwa jiko," akasema. "Ulikuwa umeenda wapi?"

Akakaa kwa mkono wa kiti cha Baba. Mimi nikaenda kuangalia mahema.

Jumamosi wageni wakafika na mbuzi. Wazee wakaongea, wakazungushana, wakakataliwa mlango kwa utani, wakakubaliwa. Baba Mdogo Kimeu alifanya kazi nzuri upande wetu, lazima nimpe haki yake. Lilipofika lile swali alivuta pumzi kwa mazoea, akamwona Baba anafungua laptop, akairudisha hiyo pumzi ndani na kukaa.

Mwende aliletwa akasimama katikati, ameinamisha macho.

Baba akabonyeza.

"Mwende, mwanangu. Hawa watu wameleta mbuzi. Tuzipokee?"

Mwende hakujibu. Shangazi mmoja akakohoa. Musyoki alikuwa anajifuta shingo na leso, na baba yake akaanza kuangalia mbuzi kama mtu anayepiga hesabu ya kurudi nazo.

Ndipo Mwende akasema, polepole, "Baba, niulize tena."

Watu wakanong'onezana. Baba akabonyeza tena, mashine ikarudia yale yale, neno kwa neno.

"Tena, Baba."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani Mama alielewa kabla yangu kwa sababu alikuwa ameshafunika uso na leso. Mwende hakuwa na shaka na Musyoki. Alikuwa hajashiba kumsikia Baba.

Safari hii Baba hakurudia. Aliinama akaanza kuandika upya, kwa vile vidole vyake viwili, na hema zima likasubiri. Hakuna aliyemharakisha. Hata Baba Mdogo Kimeu alinyamaza.

Mashine ikasema: "Mwende, mimi siendi popote. Jibu watu, mbuzi ziko na njaa."

Hema likacheka. Mwende akacheka na kulia kwa pamoja, akaenda akaweka mkono wake juu ya mikono ya Baba hapo kwa keyboard. "Zipokelewe, Baba," akasema.

Mkono wake ulikuwa umekandamiza vitufe, kwa hiyo mashine ikaanza kusoma herufi ovyo mbele ya wazee. Hakuna aliyejali.

Basi wakuu, somo langu. Usimwekee mtu distro kwa sababu ni nyepesi au inapendeza. Soma policy yao ya updates. Kama ni ya kubadilika kila siku, iwe mashine unayoweza kukaa bila. Mashine ambayo mtu anaitegemea, iweke kwenye tawi la muda mrefu, uulize litaishi hadi lini, na usifute kernel ya zamani.

Pia nilikuwa nadhani support ya hardware ni orodha kwenye website. Kumbe ni mtu fulani mahali, na mashine yake, ameamua kujaribu kabla ya wengine. Mashine yako ikikosa huyo mtu, wanaojenga hawana njia ya kujua bado inatumika, na mimi siwezi kuwalaumu tena.

Kwa ile model yetu, huyo mtu sasa ni Baba. Image mpya ikiwa karibu kutoka, jamaa wa mbali anamtumia kwanza, na mimi ndiye boda. Report za Baba ni fupi na kali, na hajawahi kuwaandikia "inafanya kazi" kabla Mama hajaisikia kutoka jikoni.

Kwa hivyo naomba mniambie: nani hapa bado ako na 32-bit inayowaka? Iko kwa stoo au kuna mtu anaitumia? Andika model yako hapa chini, hata kama unadhani ni takataka. Mimi nitaipeleka kwa yule jamaa. Inawezekana kuna nyumba nyingine mzee ameketi mbele ya screen nyeusi, mikono kwa magoti, na ana jambo la kumwambia mtoto wake.