Mshono wa Upande wa Abiria

Fundi wa makochi alikuwa na mwili mkubwa na gari dogo. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, kuukuu, milango miwili na viti viwili tu, limelala chini kiasi kwamba kuingia ilibidi utangulize makalio na dua. Wenyewe waliolitengeneza walitaka lipae. Yeye alilitembeza, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Taratibu.

Hakuwa mwoga. Alikuwa anaogopa kituo cha mafuta. Gari lile lilikunywa petroli kama lina deni na kiu, tena lilitaka ile ya bei ya juu. Kwa hiyo alijifunza kulibembeleza: mguu anaukanyagisha kama chini kuna yai, kiyoyozi hakiwashwi, matairi yanajazwa upepo vizuri, na akiona taa nyekundu kwa mbali anaachia mafuta mapema gari lijiendee lenyewe.

"Mzee Taratibu!" kinyozi wa jirani alimpigia kelele kila asubuhi. "Konokono kapita hapa sasa hivi, kasema anakungoja kona!"

"Mwambie aagize chai, nakuja kulipa."

Binti yake aliyeolewa mji wa mbali alishachoka kumshauri. "Baba, uza hilo gari. Tairi moja tu bei yake mbili za watu wengine. Spea mpaka ziagizwe. Nunua la mizigo likubebee makochi." Baba anaitikia ndiyo mwanangu, kisha jioni anachukua kitambaa, analifuta vumbi.

Ukweli wake ulikuwa mfupi. Siku mteja mmoja aliyeshindwa na gharama alipomletea gari lile amtafutie mnunuzi, mkewe alijaribu kukaa ndani, akazama kwenye kiti miguu ikabaki nje, akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka tangu wamzike mama yake. Fundi hakutafuta mnunuzi mwingine.

Basi mwaka uliopita mkewe alifanyiwa upasuaji wa macho. Mungu alisaidia, akaona tena, lakini mwanga mkali ukabaki unamchoma. Na dashibodi ya gari lile ilikuwa imepauka, inang'aa, jua likiipiga linamrudia usoni. Mumewe alichagua ngozi nyeusi laini isiyong'aa, akaikata kipande kimoja, akaipaka gundi, akaivalisha dashibodi nzima upande wa mkewe. Pale penye mstari kama wa kifuniko, mbele ya kiti chake, alipitisha mshono mara mbili, akaukaza. Kwenye kazi yake hiyo ndiyo sheria: ngozi isiachwe iinuke. Mkewe alipoingia, alipapasa mshono ule kwa vidole, akasema, "Umenitengenezea kivuli, Baba." Fundi alitembea na maneno hayo wiki nzima.

Sasa binti yao akajifungua, mjukuu wao wa kwanza. Safari ikapangwa Jumamosi. Mama alikuwa ameshafunga mzigo wake wa nguo za kitoto, ameufungua, ameufunga tena.

Alhamisi fundi akiwa anapigilia sponji kwenye kochi, redio ikatangaza kwamba magari ya aina ile, ya miaka ile, yarudishwe gereji ya wakala. Mfuko wa hewa unaomkinga mtu wa upande wa abiria umezeeka. Ajali ikitokea unaweza kupasuka vibaya na kurusha vipande vya chuma. Matengenezo ni bure, ila mtu asikae kiti kile mpaka yafanyike.

Nyundo ilibaki juu. Upande wa abiria kwenye gari lile alikaa mtu mmoja tu duniani.

"Utapanda basi," alimwambia jioni. "Mimi nitakuwa nyuma yenu na gari."

"Nipande basi, mume wangu ananifuata nyuma kama askari? Watu wataniuliza nimeiba nini." Kisha akaona uso wake, akaacha utani. "Lipeleke kesho likatengenezwe. Nitakukuta huko huko."

Fundi wa gereji alikuwa dada wa makamo ya binti yao, mikono imejaa grisi. Alimwamkia vizuri, akafungua mlango wa abiria, akainama. Akapitisha kidole juu ya mshono, akarudia.

"Mzee wangu, nani alishona hapa?"

"Mimi," alisema, na kwa mazoea kifua kikajaa kidogo.

"Kazi nzuri. Lakini huu mstari uliouziba ndio mlango wa mfuko. Gari likigonga, mfuko unatokea hapa, unamdaka mtu. Wewe umeufungia ndani." Alisema kwa upole, kama anayemwambia mtu habari za msiba. "Hata ungekuwa mzima, mama yule pale benchini asingeupata."

Kifua kikashuka. Fundi alikumbuka barabara zote walizopita mwaka ule, malori yote yaliyowapita yakipiga honi, na mkewe ametulia pembeni anaimba nyimbo za ibada kwa sauti ya chini, mbele yake uzi ulioshonwa mara mbili.

"Siwezi kuweka mfuko mpya chini ya ngozi hii," dada aliendelea. "Na nikiichana kwa kisu naharibu dashibodi, tena ya gari hili siku hizi haipatikani. Kuna mtu anayeweza kuifumua taratibu?"

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mzigo wa nguo za mtoto magotini. Fundi alipokuwa anamwendea, shetani alimpa uongo mmoja mzuri: amwambie gundi imekauka, ngozi itoke. Alifika, akakaa, benchi likalalamika.

"Mama. Ile ngozi niliyokushonea. Niliziba mahali pa mfuko. Kama tungegonga..."

Mkewe alimtazama kwa macho yake yanayotoa machozi hata kwa taa ya dukani. Kinywa chake kilisogea kidogo, na aliyemzoea angejua anamshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikutokea.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi nisamehe nini hapo? Ulinishonea, sasa nifumulie. Mjukuu anangoja."

Wakaenda wote wawili kwenye lile gari dogo, betri ikiwa imeshatolewa kwa usalama. Mume akapiga magoti nje ya mlango wa abiria na wembe wake wa kazini, mkewe akajibana kwenye kiti cha dereva. Fundi alikata nyuzi moja moja, na mkewe akazivuta kwa vidole, akazikusanya kwenye kiganja.

"Ulikaza kweli kweli," alisema. "Huu mshono hata meno hayautoi."

"Nilitaka udumu."

"Najua, Baba. Vuta huku."

Ngozi ikatoka nzima, ikiacha madoa ya gundi na matundu ya sindano. Dada wa gereji alifanya kazi yake mpaka alasiri. Fundi akamuuliza kama yeye mwenyewe anaweza kuirudisha ngozi ile bila kuziba ule mstari. Dada akatikisa kichwa. "Usiguse, mzee wangu. Hapo paachwe wazi."

Walirudi nyumbani pamoja, jua limesimama mbele yao. Dashibodi tupu ikalitupa lote usoni kwa mama, akafumba macho. Fundi akasogeza gari pembeni. Akavua kofia yake, ile iliyoingia jasho la miaka, akamvalisha juu ya mtandio, akauvuta ukingo hadi kwenye nyusi.

"Nimependeza?" mkewe aliuliza chini ya kofia.

"Umekuwa kama mimi."

"Mungu aninusuru," alisema, na akaanza kucheka.