Kiti cha Katibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, na ilipofika saa nne asubuhi vilikuwa vimenichubua visigino vyote viwili. Ofisi yetu, kampuni ndogo ya wakalimani, ilikuwa Marshalltown, katikati ya Johannesburg, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, na lifti ilikuwa mbovu. Mimi ni Mtanzania niliyesomea Kichina Beijing, kisha nikamfuata mume wangu aliporudi kwao kutoka uhamishoni. Tulipanga nyumba Bertrams. Nilikuwa nimebisha hodi ofisi nyingi mno kabla ya kuipata kazi hii, tena kwa majaribio ya miezi mitatu.

Nyinyi mnaofanya ukalimani leo mkiwa nyumbani mbele ya kompyuta hamjui raha ya kumsubiri mgeni mlangoni. Wakati wetu tulifanya kila kitu. Tulitafsiri kwa kufuatana, yaani mgeni anasema, ananyamaza, nawe unasema. Tulipanga magari, tukaonja chai, tukaandika na vibao vya majina vinavyowekwa mbele ya viti. Vibao hivyo, nawaambia, vina hatari kuliko maneno.

Asubuhi ile tulipokea viongozi wa jimbo moja la China waliokuja kutia saini mkataba wa urafiki na jimbo letu. Orodha yao ilianza na Katibu wa Chama, kisha Gavana. Mkurugenzi wetu, mzaliwa wa Soweto mwenye Kiswahili alichojifunza uhamishoni Morogoro, alikuwa ameigeuza. Gavana alimweka kulia kwa mwenyeji, kiongozi wa jimbo letu, ambako ndiko kwenye kiti cha heshima. Katibu alimpeleka mwisho wa safu, karibu na birika.

Nililiona kosa palepale. Kwa Wachina, Katibu wa Chama ndiye namba moja wa jimbo. Gavana anaendesha serikali, lakini ndani ya chama ni naibu wa huyo Katibu. Mimi niliyelelewa zama za chama kushika hatamu ningekosaje kujua?

“Mkurugenzi,” nilianza, “huyu Katibu…”

“Eish, dada, gavana ni gavana,” akanikatiza. “Kazi yako maneno, si viti. Sharp?”

Nikasema sharp, yaani sawa. Moyoni nilijiona mwoga.

Wageni walipowasili kwenye ukumbi wa mkutano, dereva wetu Papa Kalume, Mkongo wa Lubumbashi aliyewatoa hotelini, alinivuta kando.

“Mama, ule mzee mwenye kunyamaza, njo chef. Bote banamungojea aingie mu motokari, kisha nabo banaingia.”

“Najua, Papa.”

“Unajua, na unanyamaza?”

Nikaenda kuwafungulia wageni mlango.

Ukumbini Gavana alikiona kibao chake, akatabasamu, akasimama nyuma ya kiti bila kukaa. Wenzake wote wakasimama pia. Katibu, mzee mfupi mwenye miwani mizito, aliitazama robot, taa ya magari ya njia panda, kupitia dirishani, ikiwaka nyekundu, ikiwaka kijani, kana kwamba ndiyo iliyomleta Johannesburg. Chai ikapoa.

“Mbona hawakai?” Mkurugenzi akaninong’oneza. Jasho lilikuwa linamtoka. Kama wageni wangeondoka bila kutia saini, ofisi yetu ingekuwa basi, na wa kwanza kutoka ningekuwa mimi na majaribio yangu.

Nikaona heri nifukuzwe nikiwa nimesema. Nilivichukua vile vibao viwili, nikavibadilisha mbele ya macho ya wote, kisha nikasema kwa Kichina, “Waheshimiwa, nisameheni. Leo ni siku yangu ya kwanza kazini, na kosa hili ni langu.”

Katibu akageuka. “Unatoka wapi?”

“Tanzania.”

“Na kwenu hutangulia nani, chama au serikali?”

“Nilipokuwa binti mdogo, mheshimiwa, katibu wa chama wa mkoa ndiye huyohuyo aliyekuwa mkuu wa mkoa. Kiti kimoja kilitosha.”

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Gavana alicheka kumzidi, nadhani kwa ahueni. Wakakaa, na kabla ya chakula cha mchana mkataba ulikuwa umetiwa saini.

Mkurugenzi alinisubiri kwenye ngazi. “Umejitwisha kosa langu. Kwa nini?”

“Lilikuwa langu pia. Niliona, nikanyamaza.”

Alinikabidhi ile orodha ya wageni. “Basi kuanzia leo viti ni vyako.”

Vikawa vyangu kweli. Nilipanda kutoka mkalimani msaidizi hadi mkuu wa itifaki. Nimewaketisha wajumbe wa kamati ya kudumu, wale wachache wanaoamua mambo ya jimbo kabla serikali haijayatangaza, na makatibu wa miji wenye madaha kuliko wa jimbo zima. Kazi hii niliipenda, sifichi.

Mwaka huu nimestaafu. Sherehe ilifanyika Doornfontein, na vibao niliviweka mwenyewe, maana nani mwingine ningemwamini? Kiti cha heshima nilimpa Mkurugenzi, aliyestaafu zamani na sasa anatembelea mkongojo. Mimi nilijiweka mwisho wa safu, karibu na birika.

Mkurugenzi aliingia, akakisoma kibao chake, akasimama nyuma ya kiti. Hakukaa. Watu wote wakabaki wamesimama, na Papa Kalume akaanza kucheka kabla mimi sijaelewa. Ndipo Mkurugenzi akajikongoja hadi kwenye birika, akachukua kibao changu, akakipeleka mbele.

“Dada,” akasema, “leo viti ni vyangu. Wewe kazi yako maneno.”

Nikakaa. Na maneno, niliyoyafanyia kazi miaka yote hiyo, sikuwa nalo hata moja.