Nilikimbia, Mumbuni Ikanifuata

Mnaoniona siku hizi nikipita hapa Mumbuni asubuhi kichwa juu, jasho linanitiririka, msidhani sina haya. Haya ninazo, ni vile tu nyingi ziliisha siku moja kwa mpigo, nikabaki na hizi kidogo za kuendea kanisani. Wacha niwasimulie mwenyewe, kwa sababu najua mmeshaisikia kutoka kwa jirani yangu Mama Kioko, na Mama Kioko akisimulia kitu hutia chumvi hadi unatafuta maji ya kunywa.

Kazi yangu ni kushona. Nakaa kwa cherehani kutoka asubuhi mpaka macho yakatae, chai iko karibu, mandazi yapo karibu, na mwili nao ukaamua kuongezeka bila kuniuliza. Kisogo kikaanza kuniuma. Nikaenda kliniki nikidhani ni macho, sista akanifunga kile kitambaa cha kupima kwa mkono, akapima, akanyamaza, akahamia mkono ule mwingine (mkiona sista amenyamaza na kubadilisha mkono, jueni hakuna habari njema). Akaniambia presha imepanda, na kwamba kabla daktari hajanianzishia dawa nijaribu kupunguza chumvi na kutembeza mwili kila siku mpaka nitoe jasho, halafu nirudi wanipime tena.

Nilitoka pale nikihesabu miaka yangu. Mama yangu alianguka jikoni akiwa na umri kama huu wangu, upande mmoja wa mwili ukalala, na ni mimi niliyeacha shule kumlisha kwa kijiko mpaka Mungu alipomchukua. Sasa mimi nina Mutheu, binti yangu wa pekee, yuko kidato cha nne na anataka kuwa mwalimu wa hesabu. Niliogopa, sitaficha. Nilikiona kile kijiko mkononi mwake.

Sasa mtauliza, kama uliogopa hivyo si ungeamka ukimbie tu kama watu wengine? Shida ni kwamba sikutaka mtu yeyote ajue. Huku kwetu ukisema una presha, kesho watu wanakuangalia kwa huruma na keshokutwa wanauliza kama umeshagawa shamba. Na wanaofanya mazoezi barabarani ni vijana, wenye nguo za kubana na nyaya masikioni, mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, nikivaa hivyo nitaombewa. Kwa hivyo nikakata shauri (na hapa ndipo nilipojimaliza) kwamba nitakimbia, lakini nitavaa kama mtu anayeenda mahali. Gauni la kila siku, leso kiunoni, kitambaa kichwani, kikapu cha kiondo begani. Ndani ya kiondo nikajaza vipande vya nguo kutoka kwa cherehani ili kisionekane kitupu. Nilijiona mwerevu kabisa.

Kumbe nilikuwa nimesahau kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua tangu utotoni. Kijana wa nguo za kubana akikimbia, huyo ni mazoezi. Mama wa leso na kiondo akikimbia asubuhi na mapema, kuna mtu amekufa, au nyumba inaungua, au mtoto ameumwa na nyoka. Na ukimwona hivyo hupotezi wakati na maswali, unaacha ulichoshika unakimbia naye, kwa sababu siku yako ikifika utataka watu wakimbie vivyo hivyo. Ni tabia nzuri, siilaumu. Hata mimi nimewahi kukimbilia moto wa watu nikiwa na kiatu kimoja.

Basi nikatoka. Mwanzo ulikuwa mtamu, hewa baridi, barabara tupu, nikaanza hata kujiuliza kwa nini nilichelewa hivi maishani. Nikafika kwa kibanda cha Mama Kioko, yeye anauza maziwa, alikuwa anampimia mteja.

"Mama Mutheu, ni kyau?" akaniita, yaani kuna nini.

Nilitaka kumjibu kwamba ni kwema tu, lakini pumzi ilikuwa imebaki kwa geti langu, kwa hivyo nikainua mkono nikapunga kuelekea mbele, nikimaanisha mimi napita. Yeye akaona namwambia twende.

Kidogo nikasikia champali zinapiga nyuma yangu. Kugeuka, Mama Kioko huyo, kile kikombe cha kupimia kiko mkono mmoja na mtungi wa maziwa uko ule mwingine, na mteja wake nyuma. Ningesimama hapo hapo nikasema ukweli, hii hadithi ingeisha na mngekuwa mmeshaenda kwenu. Lakini haya ni kitu kibaya. Niliongeza mwendo nikidhani watachoka waniache, nao wakiona nimeongeza wakajua mambo ni mazito, wakaongeza pia. Mwenye bucha akatoka na aproni yake. Nduku, yule anayeongoza kwaya yetu, akachomoka kwa geti nywele zimesukwa upande mmoja. Mutua wa boda boda akaja kando yangu na pikipiki, polepole.

"Mama, panda nikufikishe haraka," akasema.

Nikatikisa kichwa. Hebu fikirieni, mtu anakimbilia balaa na anakataa pikipiki. Nikamsikia akiwaambia wenzake, "Huyu uchungu umemchanganya, hata kubebwa hataki."

Na sasa niwaambie upumbavu wangu wote, msije mkausikia kwingine. Nilipogeuka tena nikaona umati ule, watu wazima na nyuso zao zimekunjamana kwa wasiwasi, mimi mwenyewe nikaingiwa na hofu. Nikajiambia hawa hawawezi kukimbia hivi bure, lazima kuna kitu kimetokea na mimi ndiye sijui. Nikapunguza mwendo Mama Kioko akanifikia, nikamuuliza kwa ile pumzi kidogo iliyobaki, "Kwani ni nini?"

"Tutajua tukifika," akasema, akanipita.

Sasa nikawa namfuata yeye.

Ile barabara inateremka hadi nyumbani kwa Mzee Makau, baba mdogo wa mume wangu. Mzee alikuwa amelazwa muda mrefu kwa sababu ya kifua, akatoka hospitali juzi juzi akiwa amekonda, na kila mtu alijua. Nduku ndiye aliyejumlisha. "Ni Mzee Makau," akasema huku akikimbia. "Woi, Mzee ametuacha." Akaanza kulia kwa ile sauti yake ya kwaya, na akina mama wengine wakaipokea. Nilijaribu kusema hapana, lakini ilitoka kama kwikwi, Mama Kioko akanishika bega akaniambia nijikaze. Mutua akawasha mataa yote na kutangulia akipiga honi.

Tukaingia uani tukilia. Mlango ukafunguliwa, akatoka Mzee Makau mwenyewe, blanketi mabegani, kikombe cha uji mkononi.

Kilio kilikatika. Nikasikia kuku wakiparura.

"Nani amekufa?" Mzee akauliza.

Mutua akavua kofia yake ya pikipiki, akaiweka kifuani, akasema kwa heshima zote, "Ni wewe, Mzee."

"Na nani amewaambia?"

Wote wakageuka wakaniangalia. Kama ardhi ingekuwa na mlango ningeingia. Lakini kabla sijafungua mdomo, Mzee alikuwa ameshamwona Nduku, ambaye machozi yalikuwa bado hayajakauka.

"Wewe Nduku," akamwambia, si kwa hasira, kwa ile sauti ya mtu aliyeumia. "Nililala hospitali mpaka nikajua majina ya wafagiaji wote. Hukuja. Leo nimekufa ndio unakuja mbio hivi?"

Nduku akaangalia chini. Na si yeye peke yake, karibu sisi wote tuliangalia chini, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumesema tutaenda kumwona na hatukwenda. Mimi nilienda mara moja, nikaketi kidogo nikikodolea macho mlango. Nilihisi vibaya kuliko nilivyohisi kwa kukimbia.

Ndipo nikasema. Niliona aibu imeshafika mwisho, haina mahali pengine pa kwenda. Nikasema, "Hakuna mtu amekufa. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi na kiondo?" Mama Kioko akauliza. Akanitoa kile kiondo begani, akatazama ndani, akavuta kipande cha kitambaa cha maua, akavuta kingine cha yunifomu ya shule, akawaonyesha watu. Mwenye bucha ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Mutua. Lakini mimi machozi yalikuwa yameanza kunitoka, ya kweli, nikawaambia yote pale uani, kwamba niko na presha, kwamba mama yangu alianguka, kwamba sitaki binti yangu aache shule kwa sababu yangu kama nilivyoacha mimi. Kicheko kikapungua. Mzee Makau alinitazama sana, kisha akaangua kicheko yeye sasa, akacheka mpaka akakohoa, mpaka uji ukamwagika kwa blanketi.

"Kwa hivyo hawa wote wamekimbia bure?" akasema. "Basi wameshafanya mazoezi. Wakae wanywe chai."

Na kweli huwezi kuwa na watu uani ukawaacha waende bila chai, hata kama wamekuja kukuzika. Mtungi wa Mama Kioko ulikuwa bado na maziwa (sijui ni vipi, alikimbia nao teremko lote), yakaenda yote kwa sufuria. Nduku alikaa karibu na Mzee, akamwomba msamaha kwa sauti ya chini, nikaona Mzee anamsogezea kiti. Mke wake akaniambia kando kwamba tangu atoke hospitali alikuwa amekataa kutoka chumbani, daktari alimwambia atembee akasema anatembea kwenda wapi. Leo alitoka kwa sababu alitaka kujua aliyekufa ni nani.

Wakati wa kurudi, tukipanda ule mlima polepole, Mama Kioko alinivuta nyuma ya wengine. Nilidhani ananidai maziwa. Akaniambia, "Mimi pia niko nayo. Presha. Nilianza dawa mwaka jana, naficha kwa mkebe wa unga." Nilimfahamu huyo mwanamke tangu tulipohamia Mumbuni, tunakopeshana chumvi, na hatukuwa tunajuana.

Kutoka siku hiyo tunatembea pamoja, mapema, kabla ya kazi. Tulianza wawili, Nduku akaja, akaja mwenye bucha (yeye anasema shida yake ni mafuta mwilini), sasa tuko kikundi. Hatukimbii sana, tunaharakisha na kusengenya. Tunateremka hadi kwa Mzee Makau, naye anatungoja nje, anatembea na sisi hadi mahali barabara inapopinda, kila wiki anasogea mbele kidogo, akichoka Mutua anamrudisha na pikipiki. Watu wengine wanatucheka bado. Kuna mtoto mmoja hunipita akinililia "Mzee ametuacha", nami humwitikia.

Nilirudi kliniki. Sista alipima mkono mmoja, akaandika, hakubadilisha mkono. Akasema imeshuka, si kabisa, lakini imeshuka, niendelee hivyo hivyo, na nirudi kila mara kuangaliwa. Nikamshukuru mpaka akashangaa.

Nimeapa jambo moja, na mnishikilie kwa hilo: sitaficha ugonjwa tena ili watu wanione mzima. Nikiumwa nitasema, hata kama nitaombewa.

Mutheu alikuja nyumbani likizo, akanikuta nimetoka kutembea, nimeloa jasho, nimeketi mlangoni natafuta pumzi. Akakaa kando yangu. Alikuwa ameshasikia yote (nimewaambia Mama Kioko ni mtu wa aina gani). Akaanza kuchora chora chini kwa kijiti.

"Mama," akasema, "wakati wa kuchagua chuo nilikuwa nimepanga nisitoke hapa Machakos. Nilijua tangu ulipoanza kushika kisogo. Nilitaka niwe karibu, kama ukianguka."

Nikakichukua kile kijiti mkononi mwake.

"Kuna chuo kizuri cha hesabu," akaendelea, "lakini kiko mbali, Kisumu."

Nikamwambia Kisumu ni karibu, kama kuna kingine mbele zaidi, aulizie hicho pia.